Sakitu na Maji ya Shambani: Bomba Hupasuka Usiku, Huvuja Mchana

Mwezi wa Januari mzee mmoja alifika katika ofisi yetu ya kilimo hapa Ruiru akiwa amebeba pampu ya maji ndani ya gunia. Mzee huyo ana kahawa kidogo hapa, na shamba jingine la skimu huko Kinangop, ambako hupanda viazi na kabichi na kufuga ng'ombe watatu wa maziwa. Pampu aliitoa hapa akaipeleka huko kunyweshea kabichi. Haikumaliza majuma mawili.

"Bwana Karani," akasema, "niliuziwa chuma kibovu. Tazama."

Nikatazama, nikaona tumbo la pampu, yaani ile sehemu ya chuma inayofunika gurudumu la kusukuma maji, lina ufa mrefu wa shubiri nzima. Nikamwuliza kama siku zile kulikuwa na sakitu. Akajibu, ndiyo, majani ya viazi yaliungua yote. Lakini viazi na pampu vinahusianaje?

Swali hilo ni la haki, na wakulima wengi wa mashamba ya juu wangeliuliza vivyo hivyo. Kila mtu wa Kinangop anajua kwamba sakitu, ambayo wengine huiita jalidi, huua viazi. Ni wachache wanaojua kwamba usiku uo huo inaweza kuvunja chuma.

Sisi wa Ruiru sakitu hatuijui ila kwa bei. Mwezi wa Julai 1975 sakitu kali iliua miti mingi sana ya kahawa katika jimbo la Paraná huko Brazili, na mwaka 1976 na 1977 mkulima wa huku akauza kahawa yake kwa bei ambayo baba yake hakuiota. Lakini Ruiru iko kama mita 1,500 tu juu ya bahari. Kinangop iko juu ya mita 2,400, na nyuma yake kuna milima ya Nyandarua. Usiku wa kiangazi, hasa Januari na Februari, mbingu ikiwa safi na upepo umetulia, joto la ardhi hupanda angani bila kitu cha kulizuia. Mawingu ni blanketi, na usiku huo hakuna blanketi. Hewa baridi ni nzito. Huteremka polepole kama maji na kujikusanya mabondeni. Na wakulima wengi huweka pampu zao wapi? Bondeni, karibu na mto.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Vitu vingi vikipoa hujikunja. Maji nayo hujikunja mpaka yafikapo kipimo cha digrii 4, kisha huanza kutanuka tena, na yakigeuka kuwa barafu hutanuka sana. Madebe 11 ya maji huwa karibu madebe 12 ya barafu. Mwenye duka la soda anajua jambo hili: chupa iliyojaa ikisahauliwa katika friji ya barafu, asubuhi hukuta vigae. Bomba lililojaa maji na kufungwa pande zote mbili ni chupa ndefu tu. Tumbo la pampu ni chupa ya chuma, na chuma cha kumimina hakijui kunyumbuka, hupasuka. Mabomba magumu ya plastiki hupasuka pia, hasa kwenye maungio. Mabomba meusi yanayopindika huvumilia zaidi, lakini viungo vyake na mifereji yake ya shaba havivumilii.

Kuna jambo linalotudanganya. Katika nchi za Ulaya barafu hukaa majuma mengi, na watu wenye magari makubwa ya kulala ndani humwaga maji yote ya gari kabla ya baridi kuanza, tangi, mabomba na pampu, kwa kuwa wanajua hasara itakayowapata. Kwetu barafu huingia saa kumi za usiku, na saa tatu asubuhi jua limekwisha iyeyusha. Mkulima huona mfereji umekauka alfajiri, akienda shambani na kurudi hukuta maji yanatoka, husema, "Basi, yamerudi." Kumbe ufa umekwisha ingia usiku. Barafu yenyewe ilikuwa imeuziba. Ikiyeyuka, ndipo maji huanza kuvuja, na kama bomba limepita katika majani, tangi litamalizika kabla hujajua.

Basi asubuhi ya sakitu ukikuta mfereji haukutoa maji, kwanza mwulize jirani. Kama naye hana, huenda taabu iko kwenye bomba kubwa la mradi, na kuchokoza lako ni kazi bure. Kama yeye anayo, fuata bomba lako kutoka mferejini kuelekea kwenye tangi. Mahali palipofukiwa pasikushughulishe. Udongo wetu una joto, na bomba lililo chini kwa mkono mmoja halitaganda, tena halitakatwa na jembe. Tazama pale linapotokea nje: linapovuka kijito, linapopanda ukutani, linapotoka chini ya tangi. Liguse kwa mkono. Mara nyingi sehemu iliyoganda ni hatua mbili tatu tu, nayo imevaa weupe.

Kabla ya kuyeyusha, fungua mfereji uache wazi. Anza karibu na mfereji urudi nyuma kuelekea kwenye tangi, ili maji yanayoyeyuka yapate njia ya kutoka. Ukianza katikati, maji hufungiwa kati ya barafu na barafu na yanaweza kulipasua bomba ambalo usiku halikulipasua. Funga gunia juu yake na umwagie maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wako unayavumilia. Maji ya kuchemka juu ya chuma baridi huleta ufa, na moto wa makaa au wa mafuta ya taa chini ya bomba la plastiki sihitaji kueleza mwisho wake. Kama huna haja ya haraka, liache jua lifanye kazi.

Lakini wenye ng'ombe wana haja ya haraka. Ng'ombe wa maziwa mengi huweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku, na akikosa maji asubuhi upungufu huuona kwenye ndoo. Tena vyombo vya maziwa vinataka kuoshwa kabla ya kukamua. Kwa hiyo jioni ya siku yenye dalili za sakitu jaza mapipa mawili na kuyaweka ndani ya banda. Hori la maji lisogeze mahali ambapo jua la kwanza hupiga, na barafu nyembamba iliyo juu yake ivunje ukaitoe.

Maji yakisha rudi, usiondoke. Tembea ukilifuata bomba lote ukitazama mahali penye unyevu mpya. Jioni funga mifereji yote, tia alama ya chaki palipofikia maji kwenye kioo cha tangi, au pima kwa fimbo, na asubuhi pima tena. Yakiwa yamepungua, kuna ufa.

Kuhusu kuzuia, watu wengine huacha mfereji utiririke kidogo usiku kucha. Ni kweli maji yanayokwenda hayagandi upesi. Lakini mfereji unaojaza debe moja kwa saa utamwaga madebe kumi kwa saa kumi, na mtu anayelipia maji kwa mita, au anayetumia maji ya mvua aliyoyahifadhi, hawezi kustahimili hayo mwezi mzima. Njia bora ni kumwaga maji yaliyo katika sehemu za nje.

Hapa nami nina aibu yangu ya kueleza. Nilipokwenda kumtembelea shemeji yangu huko juu, jioni nilimwonyesha jinsi ya kufunga koki iliyo chini ya tangi, nikamweleza kwa kirefu kama mwalimu mbele ya ubao, tukaenda kulala. Asubuhi bomba la ukutani lilikuwa limepasuka mahali pawili. Nilifunga koki ya juu, lakini sikufungua mfereji wa chini. Maji yaliyokuwa ndani yalibaki ndani. Kufunga juu bila kufungua chini ni sawa na kuziba chupa. Funga koki, kisha fungua mfereji wa juu kabisa ili hewa iingie, na wa chini kabisa ili maji yatoke. Na kama bomba la nje linapanda na kushuka kama nyoka, kila bonde lake hubaki na maji. Linyoshe liwe na mteremko mmoja.

Pampu ya mgongoni ya kupigia dawa isafishwe, kisha bonyeza mkono wake mpaka mpira na fimbo vitoe hewa tupu. Trekta lenye maji matupu katika rejeta lina hatari iyo hiyo. Litiwe dawa ya rejeta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Dawa hiyo isiingie kamwe katika bomba la maji ya kunywa, wala isimwagwe chini. Nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni tamu kidogo na ni sumu. Mbwa na ndama huilamba.

Tukirudi kwa yule mzee: pampu yake ilikuwa na kizibo kidogo cha skrubu chini ya tumbo, kimepakwa rangi mpaka hakionekani. Hakuwahi kukifungua, maana hapa Ruiru hakuna aliyemwambia kina kazi gani. Vali iliyo mwisho wa bomba la kuvutia, ile inayozuia maji yasirudi mtoni, ndiyo iliyoyaweka maji ndani ya pampu usiku kucha. Fundi alishindwa kuliunga tumbo lile, ikabidi anunue jingine. Nilimshauri kila jioni akifungue kile kizibo, maji yatoke, kisha akifunge kwa uzi kwenye mkono wa kuwashia injini, ili asubuhi mtu yeyote asiiwashe pampu kabla ya kukirudisha mahali pake na kuijaza maji.