Milimita Tatu za Ozoni

Ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako ingeshushwa hadi usawa wa bahari, kwenye nyuzi joto 0, ingekuwa utando wa milimita tatu hivi, kama sarafu mbili zilizopandana. Wataalamu huuita unene huo vizio 300 vya Dobson, kwa jina la Mwingereza aliyebuni mtambo wa kuupima miaka ya 1920. Lakini hizo tatu ni wastani wa dunia, na wastani ni msema nusu. Juu ya Nairobi, ambako puto zenye vipimo vya ozoni hurushwa tangu miaka ya 1990, kiasi hucheza kati ya 240 na 280, mwaka uingie mwaka utoke. Kaskazini mwa Kanada, mwezi Machi, hupita 400. Anayesoma tarakimu hizo kavukavu atasema sisi wa ikweta ndio tuliotobolewa. La hasha. Ozoni nyingi huzaliwa huku kwetu, kwenye jua kali, kisha mikondo ya hewa ya juu sana huichukua polepole na kuirundika karibu na ncha za dunia wakati wa baridi. Utajiri wa Kanada ni mzigo uliopakiwa tropiki.

Kwa hiyo cha kuuliza si ozoni ni kiasi gani, bali imepungua kiasi gani kuliko kawaida ya mahali pale pale, mwezi ule ule. Hivyo ndivyo tundu la ozoni lilivyogunduliwa. Katika kituo cha Halley, Antaktika, Waingereza walikuwa wakipima tangu miaka ya 1950. Joseph Farman na wenzake wawili walipoweka Oktoba kando ya Oktoba, waliona 300 zimeshuka hadi karibu 200, wakachapisha habari hiyo mwaka 1985. Wangechanganya miezi yote na nchi zote, shimo lile lingezama ndani ya wastani. Hata kupona hakuendi kwa kalenda moja: tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2022 inatarajia viwango vya 1980 virudi kwenye Antaktika mnamo 2066, Aktiki 2045, na kwingineko 2040. Juu ya ikweta kwenyewe kuna pepo zinazogeuka na kurudi katika mzunguko wa miezi 28 hivi na kuipandisha na kuishusha ozoni. Asiyeziondoa kwanza kwenye hesabu atatangaza maafa au nafuu kutegemea tu mwaka alioanzia.

Kuna atakayepinga: ngozi haijui kawaida ya mahali. Hapo ana haki. Miale ya urujuanimno hupita kwa kadiri ya ozoni iliyopo na jinsi jua lilivyosimama utosini, si kwa kadiri ya kilichopungua. Ila hilo ni swali jingine, na lina kipimo chake. Mtu mwenye ualbino anayelima Mwanza anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua hata siku ambayo tabaka juu yake ni zima kabisa.