Mizani ya Profesa Fenn

Hakuna mwanakikundi asiyeijua mizani. Pale kituoni tunapouza kahawa au majani chai tunaitazama kwa macho mawili, maana ikipotoka, jasho letu limepotea. Lakini kuna vitu ambavyo mizani ya sokoni haiwezi kupima kamwe, kama masalio ya dawa kwenye mboga au protini ndani ya tone la damu. Wanasayansi huvipima kwa mtambo uitwao spektrometa ya masi. Leo tunaeleza habari za mwalimu wa kemia aliyeufungulia mtambo huo njia mpya, Profesa John Fenn wa Marekani. Kazi yake kubwa aliionyesha dunia baada ya kuambiwa umri wake umepita.

MTAMBO UNAFANYAJE KAZI?

Kila kitu kimejengwa kwa molekuli, yaani chembe ndogo sana. Mtambo huzipa chembe hizo chaji ya umeme, kisha huzisukuma ndani ya chombo kilichotolewa hewa na kuzipitisha penye sumaku. Fikirini baiskeli na lori lenye mzigo vikikata kona. Baiskeli hukata upesi, lori huenda mbali kabla ya kugeuka. Vivyo hivyo chembe nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo. Mtaalamu akiona imeangukia wapi, anajua uzito wake. Mitambo mingine haitumii sumaku, lakini shabaha ni ile ile ya kutenganisha nyepesi na nzito.

Shida ilikuwa moja. Ni lazima chembe iingie ikiwa kama mvuke. Maji ukiyachemsha huwa mvuke, na yakipoa ni maji tena. Lakini yai ukilichemsha halirudi kuwa bichi. Protini ndivyo zilivyo, zikipata moto mkali zinaharibika. Basi kwa miaka mingi molekuli kubwa za mwilini hazikuweza kupimwa vizuri kwa njia hiyo.

ALITOKA WAPI?

Fenn alizaliwa New York mwaka 1917. Hali ya pesa ilipokuwa ngumu, jamaa yake ilihamia Berea, katika jimbo la Kentucky. Huko alisoma Chuo cha Berea, kilichoanzishwa mwaka 1855 na mhubiri John Fee. Chuo hicho hakidai karo. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Alimaliza mwaka 1937, akapata shahada ya udaktari huko Yale mwaka 1940.

Hakukimbilia uprofesa. Alifanya kazi katika makampuni zaidi ya miaka kumi, na makala yake ya kwanza ya kisayansi ilitoka mwaka 1949, akiwa na miaka 32. Mwaka 1952 alikwenda Chuo Kikuu cha Princeton, na mwaka 1967 akarudi Yale kufundisha.

KUNYUNYIZA KWA UMEME

Mwanasayansi mwingine, Malcolm Dole, alikuwa amejaribu jambo hili miaka ya 1960. Fenn na wanafunzi wake walilichukua wakaliendeleza. Mnaijua pampu ya kunyunyizia dawa shambani. Wao walipitisha maji yenye protini katika sindano nyembamba iliyotiwa umeme wa maelfu ya volti. Maji hutoka kama ukungu, kila tone likiwa na chaji. Hewa kavu ya naitrojeni huyakausha matone. Tone likipungua, chaji hubanana na kusukumana hadi linapasuka kuwa matone madogo zaidi. Mwisho hubaki molekuli peke yake, nzima, imebeba chaji nyingi.

Na hizo chaji nyingi ndizo zilizosaidia. Gogo likibebwa na watu ishirini huenda mbio kuliko likibebwa na wawili. Molekuli nzito ikawa inasukumika kama nyepesi, na mitambo ya kawaida ikaweza kuipima. Fenn mwenyewe alifananisha jambo hili na kuwapa tembo mabawa.

KUSTAAFU HAKUKUWA MWISHO

Mwaka 1987 Fenn alifikisha miaka 70, na kwa kanuni za Yale akastaafishwa. Nafasi yake ya maabara ilipunguzwa. Hata hivyo mwaka 1988 kundi lake lilionyesha kwamba njia hii inapima protini kubwa, na mwaka 1989 likaandika habari hizo katika jarida la Science. Mwaka 1994 mzee alihamia Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth mjini Richmond akaendelea na kazi. Mwaka 2002, akiwa na miaka 85, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Koichi Tanaka wa Japani na Kurt Wüthrich wa Uswisi.

KESI YA HATAZA

Si yote yaliyokuwa matamu. Hataza ni hati ya serikali inayolinda haki ya uvumbuzi. Fenn aliichukua kwa jina lake mwenyewe, nayo Yale ikadai kwamba kwa kanuni zake uvumbuzi ule ni wa chuo. Fenn alisema chuo hakikuonyesha hamu nao. Mwaka 2005 hakimu aliamua kwamba hakukieleza chuo ukweli kuhusu thamani yake, akamwamuru alipe zaidi ya dola milioni 1 na kutoa hataza. Fenn alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 93.

SISI INATUHUSU NINI?

Wanaopanda mishiri, yale maharagwe membamba ya kuuzwa Ulaya, wanalijua jambo hili. Mwaka 2013 Jumuiya ya Ulaya iliongeza ukaguzi wa maharagwe kutoka Kenya kwa sababu ya masalio ya dawa. Kwa dawa nyingi kipimo kinachokubaliwa ni miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu 1 katika tani 100. Maabara hugundua kiasi hicho kwa spektrometa ya masi, na mara nyingi kwa kunyunyiza kwa umeme kama alivyofanya Fenn. Basi mkulima asiyengoja siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa asidhani hataonekana.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, wazee wenye ujuzi tunawapa nafasi gani?
2. Mwanakikundi akibuni kitu kwa vifaa vya kikundi, mapato ni ya nani? Je, tumeandika?
3. Nani anaweka daftari la tarehe za kunyunyiza dawa na za kuvuna?