Mtoto wa Leopold II aliyekufa na miaka 9, na Wakongo saba wa Tervuren

Kituo ambacho Stanley alikifungua karibu na maporomoko ya Kisangani mwaka 1883 kililipwa kwa pesa za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Hapa mjini, ulioitwa Stanleyville hadi 1966, jina la mfalme huyo linajulikana. Habari za mrithi wake hazijulikani sana.

Mrithi huyo, naye Leopold, alizaliwa tarehe 12 Juni 1859. Alianguka ndani ya kidimbwi kwenye bustani ya jumba la Laeken, Bruxelles, akapata homa ya mapafu, akafa tarehe 22 Januari 1869. Inasimuliwa kwamba siku ya maziko baba yake alipiga magoti kando ya jeneza na kulia mbele ya watu wote.

Mfalme na malkia walijaribu tena, ila 1872 alizaliwa msichana, Clémentine, na sheria ya Ubelgiji haikuruhusu mwanamke kutawala. Matumaini yakahamia kwa mtoto wa ndugu yake, Baudouin, ambaye pia alikufa Januari 1891 akiwa na miaka 21. Hakukanyaga Kongo, lakini misheni ya Baudouinville, leo Kirungu huko Moba, ilipewa jina lake. Ufalme ulimfikia mdogo wake, Albert, mwaka 1909.

Je, ni uchungu wa kufiwa uliomsukuma Leopold kutafuta koloni? Tarehe zinakataa. Mwaka 1860, mtoto wake akiwa bado mchanga, alikwisha kumletea waziri mmoja kipande cha jiwe kutoka Athens, kimeandikwa kwamba Ubelgiji inahitaji koloni.

Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Tervuren ili wageni wa maonyesho wawatazame. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Mtoto wa mfalme alizikwa Laeken, katika kaburi la jamaa ya kifalme. Wao wamelala nje ya kanisa la Tervuren.

Makumbusho yaliyotokana na maonyesho hayo yalifunguliwa upya Desemba 2018. Ukuta mmoja una majina ya Wabelgiji 1.508 waliokufa Kongo kabla ya 1908. Msanii Mkongo Freddy Tsimba ameandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha mbele ya ukuta huo. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao vinaanguka juu ya yale ya Wabelgiji.