Nyumba ya Ng'ambo ya Mpaka: Ukague Kwanza au Ununue Kwanza?

Kagunga ni kijiji cha mwisho cha Tanzania kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Kufika huko unapanda boti Kibirizi. Nyuma ya kijiji ni milima, mbele ni maji, na hatua chache kuelekea kaskazini ni Burundi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, watu wameoana toka enzi za mababu, na mawese na dagaa havijawahi kuujali mpaka. Ndiyo maana mfanyabiashara wa hapa anapowaza kununua nyumba nje ya nchi hawazi Dubai wala London. Anawaza Nyanza-Lac, Rumonge, Bujumbura, au Uvira upande wa Kongo.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Kwa kuwa ng'ambo ni karibu, mnunuzi huona kama ananunua nyumbani. Dalali anapiga simu: nyumba ni nzuri, imepakwa rangi juzi, mwenyewe ana shida ya hela, na mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Ukimleta fundi au mhandisi aikague utamlipa ada, nauli na malazi, na huenda nyumba ikachukuliwa. Wengi huamua kuiacha hiyo ada. Mimi nasema ilipwe, tena bila kusita, ila mkaguzi wa ufukwe huu asianze na kuta. Aanze na ziwa.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, unaoanzia karibu na Kalemie na kumwaga maji kuelekea mto Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa tope na majani, ziwa likapanda mwaka hadi mwaka, mpaka mnamo 1878 maji yakazibua njia. Baada ya hapo, katika muda usiofika miaka 20, usawa wa ziwa ulishuka takriban mita 10. Ushahidi upo Ujiji. Mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 palikuwa jirani na maji. Leo kumbukumbu yao iko mita mia kadhaa kutoka ufukweni. Eneo lote lililo katikati liliwahi kuwa ziwa, na ziwa halijasahau njia.

Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 zilionyesha hivyo. Mwaka 2020 maelfu ya watu wa Gatumba, karibu na mto Rusizi unapoingia ziwani, walihamishwa na mafuriko, na Uvira mafuriko ya Aprili mwaka huo huo yaliua makumi ya watu. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, likaingia kwenye nyumba na barabara za Bujumbura zilizo jirani na ufukwe. Upande wa Kigoma nako mialo na nyumba za kando ya ziwa zilifikiwa na maji.

Kila mwaka maji huwa juu kabisa Aprili na Mei, halafu hushuka mpaka Oktoba na Novemba. Anayepelekwa kutazama nyumba mwezi wa Septemba ataona mchanga mpana, mkavu, watoto wanacheza mpira. Arudi Mei ndipo aamue.

Fundi mwenye macho hatasubiri Mei. Atachungulia choo cha shimo cha jirani aone maji yako umbali gani. Atatafuta mstari wa maji kwenye ukuta wa nyuma, ule ambao fundi rangi huwa hana haraka ya kuufikia. Atagonga lipu kwa kifundo cha kidole chini ya dirisha. Ikilia tupu, imeachia tofali. Ataweka timazi pembeni mwa ukuta, kisha atafuata ufa unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha, akiuliza kama juu kuna lenta na mkanda wa zege au ni matofali matupu. Swali hilo lina uzito hapa, maana tuko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya ziwa hili, na lile la Bukoba la Septemba 2016, dogo kuliko hilo, liliangusha nyumba nyingi na kuua watu.

Kisha kuna mita. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Burundi, kwa sheria yake ya maji ya 2012, imeweka mita 150 kwa Ziwa Tanganyika. Mtu wa Kagunga aliyezoea 60 anaweza kununua nyumba iliyo mita 100 kutoka majini akajiona mwangalifu, kumbe amenunua nyumba inayoweza kubomolewa. Kamba ya kupimia ni bei ndogo sana.

Lakini kuna ukaguzi ambao timazi haiufikii. Mwishoni mwa Aprili 1972 mapigano yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji makubwa, na watu wengi wa uwanda ule wakakimbilia Tanzania. Mashamba na viwanja vyao vikachukuliwa na wengine, vingine vikagawiwa na serikali yenyewe. Walioanza kurudi baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 walikuta nyumba zina watu, wengine wakiwa wamenunua kwa nia safi kabisa. Mwaka 2006 Burundi iliunda tume maalumu ya ardhi na mali nyingine, CNTB, na mwaka 2014 mahakama maalumu ya kesi hizo. Hebu fikiria uchungu wa pande zote mbili: yupo aliyeikimbia nyumba yake akiwa mtoto mgongoni mwa mama, na yupo aliyelipa hela yake halali.

Kagunga inajua jambo hili kuliko kijiji kingine chochote. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia ghasia za kisiasa kwao walijaa kwenye ufukwe huu mwembamba, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawavusha kwenda Kigoma ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Wapo walioacha milango imefungwa nyuma yao. Kwa hiyo unapoonyeshwa nyumba, nenda kwa mkuu wa kilima na kwa wazee wa jirani bila dalali. Uliza nani alikaa hapa 1972, nani alikaa 1993 vita vilipoanza, nani aliondoka 2015 na ndugu zake wako wapi. Anayeuza ni yeye mwenyewe, au ni binamu aliyeachiwa funguo?

Wengine hujibu kwamba tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, mambo yamerahisishwa. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010 haisemi hivyo kuhusu ardhi. Imeacha umiliki na matumizi yake chini ya sheria ya kila nchi. Sisi wenyewe tunamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kongo, kwa sheria ya 1973, haki ya kudumu ni ya Wakongomani tu. Mgeni hupata ya muda, miaka 25 inayoweza kuongezwa. Hati ipelekwe ofisi iliyoitoa, siyo kwa mtu aliyekuuzia.

Uskoti, tangu Desemba 2008, anayeuza nyumba ndiye anayelazimika kuleta ripoti ya ukaguzi kabla ya kuitangaza sokoni. Huku mzigo ni wa mnunuzi, na hakuna anayemwambia pa kuanzia.

Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, ikishirikiana na wenzake wa Nyanza-Lac, ibandike tangazo pale Kagunga panaposhuka abiria, kwa Kiswahili na Kirundi: mita 60 huku na 150 kule, ofisi ya kuhakiki hati iko wapi, na kiongozi gani wa kuulizwa habari za waliokimbia. Halizidi gharama ya karatasi na gundi, na linaweza kuokoa akiba ya maisha ya mtu.