Springi na Shokapu za Land Rover Kongwe: Pa Kuanzia Fedha Isipotosha

Wenye Land Rover 109 hutuletea swali lilelile mara kwa mara. Gari linaruka, stelingi inavuta upande mmoja, na fundi amekwisha kutamka kwamba springi zote nne na shokapu zote nne zibadilishwe kwa mkupuo. Fedha iliyopo haitoshi hata nusu ya kazi hiyo. Waanzie wapi?

Kazi hii yaweza kufanywa kwa awamu. Hata hivyo, mpangilio wa awamu usiongozwe na bei pekee, kwa kuwa ziko sehemu ambazo zikichakaa abiria hukosa raha tu, na ziko nyingine ambazo zikichakaa gari huacha njia.

Muundo wa gari lenyewe unaeleza sababu. Toleo la tatu la Land Rover lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kila ekseli imelalia springi mbili za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mabapa hayo hubeba uzito, na papo hapo ndiyo yanayoishikilia ekseli mahali pake. Katika modeli ya 110 iliyotoka mwaka 1983 springi ni za koili, na kazi ya kuishikilia ekseli imepewa vyuma vingine. Kwa hiyo bushi iliyolegea katika 109 huipa ekseli nafasi ya kucheza. Dereva ataliona jambo hilo vizuri zaidi akiwa anateremka Kitonga na mzigo, kila anapokanyaga breki, mahali ambapo asingependa kuliona.

Tunashauri basi ukaguzi uanzie kwenye vitu vidogo. Upepo wa matairi upimwe kwanza, maana tairi lililojazwa kupita kiasi hulifanya gari lolote liruke, na kulipunguza hakuna gharama. Kisha fundi aingize mtaimbo kwenye ncha za springi na kuzisukuma: bushi nzima haichezi. Yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli zikaguliwe kutu na nyuzi zilizolika. Zikifunguliwa, zisirudishwe, bolti hizo hunyooka zinapokazwa, na kuzitumia tena ni kubana matumizi mahali pasipostahili.

Springi zenyewe mara nyingi hazijafa. Kutu iliyojaa kati ya mabapa huyazuia yasiteleze, na springi nzima ikawa kama kipande kimoja cha chuma. Fundi mwangalifu atazishusha, atazifungua, atasugua kila bapa kwa brashi ya waya, atatafuta nyufa, atapaka grisi yenye grafiti na kuzifunga upya kwa bushi mpya. Ni kazi ya jasho zaidi kuliko ya fedha, na matokeo yake yamewashangaza wengi waliokuwa tayari kununua springi mpya. Bapa lenye ufa halitengenezwi. Libadilishwe.

Katika kufunga, mwenye gari asimame karibu na kuangalia jambo moja. Bolti zinazopita ndani ya bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limeshushwa chini, limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hujisokota pindi gari linaposhuka, nao huraruka mapema. Mafundi wenye haraka huiruka hatua hii, kisha lawama humwendea muuza bushi. Yubolti nazo zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi.

Njia tatu za mkato tunazikataa. Kuichoma springi motoni ili irudishiwe upinde huharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Italegea tena, au itakatika. Kurefusha vishikizo vya ncha za springi ili gari liinuke hubadilisha pembe ya ekseli ya mbele, stelingi ikaanza kutangatanga, na huweza kuivuta mipira ya breki kupita urefu wake. Kuongeza bapa, ambako watu wengi hukupenda, kunafaa kwa gari lisiloshuka mzigo. Kwa gari linalobeba familia, ni kununua mateso.

Shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba, haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mruko wa springi. Inayovuja mafuta imekwisha. Zibadilishwe mbili mbili katika ekseli moja, na tunasisitiza zisiwe za mtumba. Malalamiko mengi ya aina hii yanahusu shokapu kuukuu iliyofutwa mafuta na kupakwa rangi. Tazama fimbo yake ya chuma: ikiwa na mikwaruzo au madoa ya kutu chini ya ule mng'aro, iache dukani.

Anayelazimika kununua springi mpya afahamu kwamba za kulia na za kushoto si lazima zifanane. Katika magari haya springi ya upande wa dereva huwa na upinde mkubwa kidogo, na kuzifunga kinyume hulilaza gari upande. Springi za kisasa zenye mabapa machache yasiyogusana ni laini zaidi, ila zinahitaji shokapu nzuri, kwa kuwa msuguano wa mabapa uliokuwa ukisaidia kutuliza mruko haupo tena. Bei ya shokapu hizo ihesabiwe tangu mwanzo.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kuuza kipuri cha mtumba kwa jina la kipya ni kupotosha. Lakini risiti iliyoandikwa “spea” peke yake haituambii kitu. Muuzaji aandike katika risiti ya EFD jina la kipuri, gari linalohusika, na kama ni kipya au la. Fundi naye arudishe vipuri vyote alivyovitoa, vikiwa ndani ya mfuko, kabla ya kulipwa. Ndivyo tutakavyoomba kuviona kwanza mlalamikaji atakapofika ofisini.