Kisu, Puto na Uzi: Ulinganisho wa Taratibu za Kutibu Unene Uliokithiri

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, unene umekuwa ishara ya neema. Msamiati wetu wenyewe washuhudia jambo hili. Mtu aliyeongeza uzito husifiwa kuwa amenawiri. Aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini iwapo anaugua. Hata hivyo, sifa hizo zina mpaka. Yule yule aliyenawiri akizidi kunenepa huitwa bonge, na hali yake huhusishwa na ulafi na uvivu. Baina ya sifa na kejeli, haijabaki nafasi ya kuliita jambo hili kwa jina lake halisi, yaani ugonjwa.

Ugonjwa huu hauko mbali nasi. Utafiti wa Demografia na Afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2008-09 ulionyesha kuwa asilimia 25 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepita uzito unaofaa. Kufikia utafiti wa mwaka 2014, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 33. Si wote hao wanaohitaji hospitali. Lakini kwa wachache ambao unene wao umekithiri, swali la tiba ni swali la uhai. Makala haya yanakusudia kulinganisha taratibu za upasuaji na zile zisizo za upasuaji, ili msomaji aweze kupambanua faida, hatari na gharama za kila njia.

Unene uliokithiri ni nini?

Madaktari hupima unene kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilo na mraba wa urefu wake kwa mita. Jibu likiwa 30 au zaidi, huo ni unene wa kupindukia. Likifika 40, ni unene uliokithiri. Tuchukue mfano wa mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 120. Uwiano wake ni takriban 44. Mtu huyu tutaandamana naye katika makala haya yote.

Ni kwa nini asishauriwe tu kupunguza chakula na kufanya mazoezi? Ushauri huo ni sahihi, na hakuna tiba inayoweza kufaulu bila huo. Tatizo ni kwamba mwili hulinda uzito uliouzoea. Mtu anapokonda, homoni za njaa huongezeka, zile za shibe hupungua, na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko awali. Ndiyo maana wengi hupunguza kilo kadhaa kwa jitihada kubwa, kisha kilo hizo zikarudi. Huko si kukosa nia. Ni mwili kujihami.

Taratibu za upasuaji

Kabla ya kuendelea, yafaa tuondoe utata wa kilugha. Neno "tumbo" hutumika kwa maana ya sehemu ya nje ya mwili na pia ya kiungo cha ndani kinachopokea chakula. Kwa sababu hiyo, wengi wakisikia kuwa fulani "amekatwa tumbo" hudhani kuwa amekatwa kitambi. Sivyo. Kinachopasuliwa ni mfuko wa chakula, na mafuta yenyewe hayaguswi. Vivyo hivyo, kufyonza mafuta yaliyo chini ya ngozi ni urembo wala si tiba ya unene uliokithiri, kwani hakubadilishi njaa wala shibe.

Njia kuu za upasuaji ni mbili. Ya kwanza ni kuchepusha njia ya chakula, iliyoanzishwa mwaka 1966 na Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Kama inavyofanywa siku hizi, daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula, yenye ujazo wa mililita 30 hivi, kiasi kisichojaza hata kikombe cha kahawa cha pwani. Kisha huiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivi kwamba chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Njia ya pili ni kuondoa takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kubakisha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999. Njia ya tatu, ya kufunga mshipi kwenye sehemu ya juu ya mfuko, ilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000 lakini imefifia, maana wagonjwa wengi walilazimika kurudi kuondolewa mshipi huo.

Kwa kawaida shughuli hii hufanywa kupitia matundu madogo, mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi.

Taratibu zisizo za upasuaji

Hapa daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kinywani hadi kwenye mfuko wa chakula. Ngozi haichanwi.

Utaratibu mmojawapo ni wa puto. Puto tupu huingizwa, kisha hujazwa maji ya chumvi, kwa kawaida mililita 400 hadi 700, ili litwae nafasi na kuharakisha shibe. Wazo hili si geni. Puto la kwanza kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1985 liliondolewa sokoni mwaka 1988, baada ya kusababisha vidonda na kuziba utumbo lilipopwaya. Mengine yaliyoboreshwa yaliidhinishwa mwaka 2015. Aina iliyoenea huondolewa baada ya miezi sita, na kwa wastani mgonjwa hupoteza takriban asilimia 10 ya uzito wake. Kichefuchefu na kutapika ni mambo ya kawaida katika siku za kwanza.

Utaratibu mwingine ni wa kushona. Kwa kutumia sindano na uzi vilivyopitishwa kinywani, daktari hukunja kuta za mfuko wa chakula na kuufanya uwe mwembamba bila kukata chochote. Jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2022 lilionyesha kuwa walioshonwa walipoteza wastani wa asilimia 13.6 ya uzito wao kwa mwaka mmoja, ilhali waliopewa ushauri wa lishe na mazoezi pekee walipoteza asilimia 0.8. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa washiriki walikuwa na uwiano wa kati ya 30 na 40. Hawakuwa na unene wa kiwango cha mtu wetu wa 44.

Ulinganisho

Kuhusu kiasi cha uzito unaopungua na muda wa matokeo, upasuaji unatangulia. Utafiti uliosimamiwa na Lars Sjöström nchini Uswidi, ulioanza mwaka 1987, uliwafuatilia watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 ambao hawakupasuliwa. Baada ya miaka kumi, waliochepushiwa njia ya chakula walikuwa bado wako asilimia 25 chini ya uzito wao wa awali. Ripoti ya mwaka 2007 ilibaini pia kuwa hatari ya kifo miongoni mwa waliopasuliwa ilikuwa chini kwa takriban asilimia 29.

Turejelee mfano wetu. Mtu wa kilo 120 akipoteza asilimia 25, atafikia kilo 90. Akipoteza asilimia 10 kwa puto, atafikia kilo 108, na puto likishaondolewa, sehemu ya uzito huo huenda ikarudi. Hebu tuzingatie pia kwamba hata akiwa na kilo 90 uwiano wake ni 33. Upasuaji haumfanyi mtu kuwa mwembamba, humpunguzia ugonjwa.

Na huo ugonjwa ndio kiini cha suala. Katika jaribio la wagonjwa 150 wa kisukari lililofanywa na Cleveland Clinic ya Marekani, matokeo ya miaka mitano yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa asilimia 29 ya waliochepushiwa njia ya chakula na asilimia 23 ya waliopunguzwa mfuko walifikia kiwango cha sukari kilicholengwa. Miongoni mwa waliotumia dawa pekee, waliofikia walikuwa asilimia 5.

Kuhusu hatari, taratibu zisizo za upasuaji zina nafuu. Nyingi hazihitaji kulazwa kwa siku nyingi, na puto huweza kuondolewa wakati wowote. Upasuaji una hatari ya kuvuja kwa mshono, kutokwa na damu, na damu kuganda mishipani. Uchunguzi wa wagonjwa 4,776 nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watu 3 katika kila 1,000 walifariki katika siku 30 za kwanza. Isitoshe, mfuko ulioondolewa haurudishwi, na baadhi ya waliopunguzwa mfuko husumbuliwa na kiungulia.

Mzigo mkubwa zaidi huja baadaye. Aliyepasuliwa hana budi kutumia vitamini na madini maisha yake yote, hasa vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu, na kupimwa damu mara kwa mara. Mwanamke hushauriwa kuahirisha mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Anayefikiria kusafiri ng'ambo kupasuliwa na ajiulize kwanza: nikirudi nyumbani, nani atanipima?

Fauka ya hayo, siku hizi kuna dawa za sindano ya kila juma. Katika jaribio la mwaka 2021, semaglutidi ilipunguza uzito kwa takriban asilimia 15 katika majuma 68. Tirzepatidi, katika jaribio la mwaka 2022, ilikaribia asilimia 21 kwa kipimo cha juu. Lakini waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walirejesha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Dawa hizi zimeziba sehemu ya pengo lililokuwapo kati ya puto na kisu. Hazijaondoa haja ya uangalizi wa kudumu.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa njia hizi hazishindani katika uwanja mmoja. Puto na uzi zinamfaa mwenye unene wa kadiri, asiyeweza kupasuliwa, au anayehitaji kupunguza uzito kwanza ili upasuaji uwe salama. Kwa mwenye unene uliokithiri, hususan akiwa na kisukari, upasuaji ndio wenye ushahidi wa miaka mingi zaidi, mradi awe tayari kwa masharti yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu pia. Mgonjwa anayeitwa mlafi hatakwenda hospitalini. Atajificha, au atanunua dawa za vichochoroni zinazoahidi kuyeyusha mafuta kwa juma moja. Tukiuita ugonjwa huu ugonjwa, tutakuwa tumemfungulia mlango wa kwanza wa tiba.