Kumbukumbu za Nyumba Inayojiendesha

Mfumo wa kuendesha vifaa vya nyumbani kiotomatiki, yaani ule unaowasha taa, kusoma joto la chumba na kufunga mlango kwa kufuata kanuni alizoziweka mwenye nyumba, hauishii katika kutoa amri, kwani huandika pia kila badiliko unaloliona. Katika Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, maandishi hayo huhifadhiwa ndani ya kompyuta iliyomo nyumbani humo humo, katika faili liitwalo home-assistant_v2.db. Injini inayolisimamia faili hilo, mtumiaji asipochagua nyingine, ni SQLite ya D. Richard Hipp, ambayo haihitaji seva ya pembeni na huweka majedwali yote ya hifadhidata katika faili moja.

Jedwali linalojaa upesi kuliko mengine kwa kawaida ni lile la hali, liitwalo states, ambamo kila safu hueleza kuwa kifaa fulani kilikuwa na thamani fulani katika wakati fulani. Tangu mwaka 2023 jina la kifaa halirudiwi katika kila safu, bali huandikwa mara moja katika jedwali la states_meta na kupewa namba, na namba hiyo ndiyo inayobebwa na safu za hali. Kwa sababu hiyo, anayetaka kusoma historia ya pampu ya maji hana budi kuyaunganisha majedwali hayo mawili katika ulizo lake, yaani katika sentensi ya lugha ya SQL inayoiomba hifadhidata itoe taarifa. Wakati nao huandikwa kama idadi ya sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970 kwa saa za dunia, kwa hiyo msomaji wa Nairobi au Dodoma huongeza saa 3 kabla ya kudai kwamba mlango ulifunguliwa usiku wa manane.

Ulizo lenye manufaa kuliko yote, ingawa wengi hulikumbuka diski inapokaribia kujaa, ni lile linalohesabu safu za kila kifaa na kuzipanga kuanzia nyingi hadi chache. Kipimo cha umeme ambacho thamani yake hubadilika na kutumwa kila sekunde huandika safu 86,400 kwa siku, ilhali mlango unaofunguliwa na kufungwa mara 20 huandika 40 tu. Aghalabu vifaa vichache hubeba sehemu kubwa ya faili, navyo mara nyingi ni vile ambavyo hakuna anayevisoma, kama vile nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi ya balbu. Dawa ya tatizo hilo ni kuvitaja vifaa hivyo katika mipangilio ya kinasa, yaani sehemu ya programu inayoandika hifadhidata, ili visiandikwe tena. Kufuta bila kuzuia ni kuteka maji kwa pakacha.

Kufuta kwenyewe hufanyika bila kuombwa. Kila siku saa 10 na dakika 12 alfajiri kinasa huondoa hali zilizozidi siku 10, muda ambao mwenye mfumo anaweza kuubadili. Faili, hata hivyo, halipungui papo hapo, kwa kuwa SQLite huiacha nafasi iliyoachwa wazi ndani ya faili ili ijazwe na safu mpya. Ukubwa hupungua pale tu faili linapojengwa upya, kazi ambayo inaweza kuhitaji nafasi huru ya diski inayofikia mara mbili ya ukubwa wa faili la awali, na hapo ndipo kadi ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta ya Raspberry Pi iliyokwisha kujaa inapokwama.

Ufutaji huo hauzigusi takwimu za muda mrefu, ambazo kwa vihisi vinavyostahiki huwekwa mara moja kila saa katika jedwali lake, zikiwa na wastani, kiwango cha chini na cha juu, au jumla. Kwa kuwa kihisi kimoja huongeza humo safu 8,760 tu kwa mwaka, hakuna haja ya kurefusha muda wa siku 10 kwa ajili ya kulinganisha matumizi ya umeme ya mwaka huu na ya mwaka uliopita.

Maulizo ya kusoma yana usalama zaidi yakifanywa juu ya nakala. Nakala hiyo nayo ichukuliwe mfumo ukiwa umezimwa, au kwa njia ya chelezo ya programu yenyewe, kwa sababu mfumo unapofanya kazi mabadiliko ya karibuni huwa katika faili la pembeni lenye kiambishi -wal, na anayenakili faili kuu peke yake anaweza kuyakosa. Kufuta safu kwa mkono ndani ya hifadhidata hai ni jambo la kuepukwa kabisa: safu nyingi za hali hutumia kwa pamoja safu moja ya sifa katika jedwali jingine, nayo SQLite, isipoamriwa, hailindi viungo hivyo, ilhali kinasa kina amri yake ya kufuta historia ya kifaa kimoja kwa kufuata utaratibu wake.